Mahali Ulipotukataza Kufagia

Kumbukumbu ya Mwalimu Zébédée Kabamba, Kamina

Papa Lise, mwaka umekwisha tangu ulipotuacha, mvua za Oktoba zilipokuwa zinaanza. Mvua zimerudi. Wewe hujarudi, na mimi mke wako bado nasonga bukari, ugali wetu, ya watu wawili.

Ulikuwa mtu mwema na msumbufu. Miaka yote uliyofundisha biolojia, hukumfukuza mwanafunzi kwa kukosa viatu. Lakini kwenda nawe kanisani ilikuwa adhabu. Kengele inalia, wewe umechuchumaa njiani na suti ya Jumapili kwa sababu umeona cicindèle, wale mbawakawa wadogo wa miguu mirefu wanaokimbia, wanasimama ghafla, wanakimbia tena. Ulisema wanakimbia mno hata macho yao hayaoni kitu, ndiyo maana husimama kutazama walipofika. Nikakuambia uwaige hapo pa kukimbia. Ulicheka mpaka wimbo wa kwanza ukatupita.

Kutoka kwenu Kinkondja hukuleta samaki tu. Ulileta habari za wale wa mchanga wa ziwani, weupeweupe, ambao huku kwetu hawapo. Wa njia za msituni nao ni wengine, kijani kinachong'aa. "Kila moya na udongo yake," ulisema. "Ukimuondosha pale, anakufa."

Wa kwetu walikaa nyuma ya jiko, kwenye kipande cha udongo mkavu usio na jani. Watoto wao huishi chini, kila mmoja katika shimo lake, kichwa kimeziba mlango, akingoja sisimizi apite. Ukatukataza kufagia pale. Jirani yetu Feza, mke wa askari, aliniona mchafu: "Mama Lise, bantu batasema uko muvivu!" Wewe ukamjibu kutoka dirishani kwamba wadudu ndio wenye kiwanja: "Bale njo benye lupango. Shiye tuko bageni."

Jioni uliingiza unyasi shimoni, ukangoja mtoto wa mdudu auume, ukamvuta, ukamtazama, ukamrudisha. Mimi sikuweza kamwe. Nilivuta haraka. "Polepole, mama," ulikuwa ukiniambia.

Siku ya kilio, dada yako Albertine na wamama wa kanisa walikuja alfajiri kututengenezea lupango. Walifagia kote, na pale nyuma ya jiko wakapakandika udongo wa kichuguu, wakaupiga mpaka ukawa laini. "Usisikie haya mbele ya bageni," Albertine aliniambia, macho yamevimba. Walifanya kwa upendo, nami nilikuwa ndani, nimelala mkekani. Nilipotoka baada ya mazishi, hapakuwa na shimo hata moja. Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Mvua zote zile hakutokea hata mdudu mmoja. Watoto walirudi Lubumbashi kwenye kazi zao. Nyumba ni kubwa, Papa Lise. Nafungua redio ili kuwe na sauti ya mtu. Mwanetu Jessé anataka niuze nyumba nihamie kwake. Nilimwambia aniache kwanza nizione mvua za Oktoba, kwa sababu nilitaka kujua kama kuna chochote chako kilichobaki hapa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, nilipita nyuma ya jiko, nikarudi mikono mitupu.

Juma lililopita ule udongo wa kichuguu ulipasuka. Katikati ya nyufa nikaona shimo, duara safi, unene wa penseli. Niling'oa unyasi, nikauingiza, nikangoja. Polepole. Nikasikia ameuma.

Nilikuita, Papa Lise. Nilikuita kwa nguvu, kama zamani: "Kuya uone!"

Sauti ikatoka kwa Feza: "Mama Lise, unaita nani?"

Akaja na fagio lake mkononi, akaliweka chini, akachuchumaa karibu nami. Nikamvuta mdudu polepole, tukamtazama. Kisha nikamrudisha mdudu wako shimoni.

Nimempigia Jessé simu. Nimemwambia siendi, kila mmoja na udongo wake.

Tunaokukumbuka: mimi mke wako Agar, watoto wako Lise na Jessé, mjukuu wako Glodie, dada yako Albertine, ambaye siku hizi akishika fagio huniuliza kwanza, na Feza jirani.

Utakumbukwa daima katika nyumba hii. Na nyuma ya jiko hapatafagiwa.