Unga Mwekundu

Jumatatu, 4 Machi
Tanuri tena tangu alfajiri. Unga wa njano wa taa umetoka sawa, kama kila wiki. Tunaupaka juu ya taa ndogo ya buluu, mwanga unageuka mweupe. Miaka miwili najivunia weupe huo.

Mchana Mama Aline, mkunga wa Cyanzarwe, alishuka mwenyewe hadi karakana yetu Mbugangari. Taa zangu nne ziko kwenye wodi yake ya wazazi. Wiki iliyopita kichanga kilikaa siku tatu na ugonjwa wa manjano bila mtu kuona. Sasa kiko hospitali, hali mbaya.

"Chini ya taa yako batoto yote iko rangi moja," alisema. Kuzizima hawezi, mvua ikinyesha wodi ni giza. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Jumanne, 5 Machi
Kosa nalijua. Mwanga wetu hauna wekundu, na bila wekundu ngozi haisemi kitu. Taa zote nilizipima kwa karatasi nyeupe. Miaka miwili, karatasi. Mjinga mimi.

Lazima tuchanganye unga mwekundu. Wa kuagiza unachukua miezi, na watoto wanazaliwa kila siku. Tutauoka wenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Jaribio la nne. Tunaufunika kwa makaa ya kusaga, hewa isiuguse. Umeme ulikatika katikati. Umetoka kijivu. Vestine, mwenzangu wa kazi, anaimba nyimbo za kwaya huku anapima. Zimenichosha. Sikumwambia.

Jumatano, 13 Machi
Mwekundu. Ukiuwekea mwanga wa buluu unawaka kama kaa la jikoni. Nilikaa chini sakafuni, sina hata nguvu ya kufurahi.

Alhamisi, 14 Machi
Vestine ameuosha. Ule wa njano tunauosha kila mara. Mimi ndiye niliyesahau kumwambia kwamba huu na maji haviivi chungu kimoja.

Salfa iliyomo ikatoa harufu ya yai viza, ikajaa mtaa mzima. Kwetu hapa harufu hiyo watu hawaisubiri ijieleze: ama mlima wa volkano umeamka, ama ziwa linatoa gesi. Walitoka na magodoro. Baba Zuhura, fundi cherehani jirani, alipanda barabara na mashine kichwani. Aliporudi alisimama mlangoni kwetu, anahema. "Donc ni ninyi? Mi nilishaaga nyumba." Hakuna aliyecheka. Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Unga wote umekufa. Nilimfokea Vestine kwanza, ndipo nikakiri kosa ni langu. Utaratibu wa mtu mwoga.

Jumatano, 20 Machi
Tumeoka upya. Tumeufungia ndani ya gundi angavu palepale, kabla unyevu wa ziwa haujaufikia. Tumepima kwa ngozi ya mikono yetu, mimi na Vestine, juani na chini ya taa. Rangi inafanana, nadhani. Macho yangu siyaamini tena.

Ijumaa, 22 Machi
Cyanzarwe. Mvua. Nimefunga taa moja.

Mama Aline alilaza chini yake mtoto wa siku mbili. Akamtazama. Akambeba hadi dirishani, akamrudisha. Manjano, huku na huku. Akavuta kiti, akaanza kuandika barua ya kumpeleka hospitali.

Nilifurahi. Nilipoinua kichwa, mama wa mtoto alikuwa ananitazama, nami bado natabasamu.

Niliinama nikakusanya nyaya.