Nilimwonea Mama Huruma, Sasa Jino Linacheza

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia, maana jambo hili nimelibeba peke yangu tangu Machi na limenielemea.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, mwaka wa sita sasa, na mama yangu ni fundi cherehani. Mama aling'olewa gego la chini, daktari wetu akampandikizia jino la bandia, lile ambalo kipande cha chuma huzikwa kwenye mfupa wa taya, kikishashikana na mfupa kinafungwa kishikio juu yake, kisha kofia ya jino inakaa juu ya kishikio, na kinachounganisha kishikio na kile chuma ni skrubu moja nyembamba kama njiti ya kiberiti, inayokazwa kwa spana ndogo yenye kipimo.

Siku ya kufunga, daktari alinikabidhi spana akasema, "Mkazie mama yako mwenyewe, hadi thelathini na tano," nami nikafurahi, lakini hapo hapo simu yake ikaita akasogea dirishani, na nilipofika ishirini mama akafumba macho, akakunja vidole vya miguu mpaka kandambili ikadondoka, akasema mdomo wazi kitu kilichosikika kama "Taatibu, mwanangu," na Shangazi, mkono wangu ukagoma, kwa sababu wagonjwa wengine wote mimi huwaambia "Jikaze kidogo, tunamaliza," ila yeye sikuweza, nikachomoa spana, daktari akarudi akauliza, "Tayari?" nikajibu, "Tayari," akaziba lile tundu la juu ya kofia ambamo spana huipitia skrubu, nami nikaandika thelathini na tano kwenye faili.

Nina kawaida ya kuandika shajara kila jioni, na humo siwezi kudanganya. Jumatano, tarehe 6 Machi: "Mama, gego la kushoto. Kipimo 20. Faili linasema 35."

Jumapili, tarehe 19 Mei, tulikuwa tunakula mkate uliokauka nikasikia "tik".

"Nini hicho, mama?"

"Kijiko."

Kijiko kilikuwa kwenye beseni la vyombo. Tangu siku hiyo nimeandika mara tisa kwamba anatafunia upande wa kulia, na nikimuuliza anasema, "Jino zima, halina neno," halafu wateja wakija kupimwa anawafungulia mdomo, "Hili kalifunga binti yangu kwa mkono wake!"

Ufunguo wa kliniki ninao. Nimefikiria nimwite mama Jumapili, daktari akiwa hayupo, nifungue tundu, niikaze skrubu hadi thelathini na tano, yaishe, na faili liwe kweli. Au niseme? Nikisema, daktari hataniamini tena, na mama hatajivuna tena mbele ya mtu.

Binti wa Fundi Cherehani

JIBU

Marahaba, binti. Kukasirika nimekasirika, ila nimesoma hadi mwisho kama ulivyoomba.

Kwanza, hiyo Jumapili ifute kichwani. Wewe unaijua kazi kuliko mimi, kwa hiyo usijifanye hujui: skrubu isiyokazwa vya kutosha haibani, kila tonge linaisukuma huku na huku, hata kama ni kwa unene wa unywele, nayo inachoka. Imechezacheza wiki ngapi? Ukiikaza kwa siri ikakatikia ndani, utamwambia mama nini, kijiko?

Na hilo faili litakuwaje kweli? Machi itabaki Machi.

Sisemi humpendi mama. Mwongo wa kweli asingeandika ishirini popote. Lakini ulimpunguzia kumi na tano kwa huruma, na yeye ndiye anayezibeba mdomoni. Unadhani hajui? Mtu aliyeshona nguo maisha yake yote ashindwe kutambua kitu kilicholegea? Anajua, mwanangu. Anakuficha usiumie, kama ulivyomficha wewe. Mmekaa meza moja mnaoneana huruma, kila mtu kivyake, na jino linacheza katikati yenu.

Basi fanya hivi. Leo hii mwambie mama: "Sikukukazia vya kutosha, na nilidanganya." Ataanza kukutetea, mkatize. Ale vyakula laini, na upande wa kushoto aupumzishe.

Kesho, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, mwambie daktari: "Niliishia ishirini nikaandika thelathini na tano." Usitangulize machozi. Atafoka, na ana haki. Kwamba yeye alikuwa dirishani na simu, hilo atajiambia mwenyewe, si kazi yako kumkumbusha. Kwenye faili usifute kitu. Andika chini yake ukweli, tarehe ya kesho na sahihi yako. Kisha daktari afungue, aikague skrubu, na kama ni ya kubadilisha aibadilishe, aikaze yeye. Imani yake huenda ikachukua muda kurudi. Ngoja huo muda.

Jambo la mwisho. Akikubakiza kazini, mwombe asikupe tena spana kwa mgonjwa wa damu yako. Hiyo si aibu. Wapo madaktari wapasuaji wenye mikono ya chuma ambao, mzazi wao akiwa ndani, wanakaa nje kwenye benchi kama sisi wengine, wanakunja na kukunjua karatasi ya namba. Kaa nao hapo.