Kiti cha Shangazi Mirembe

Juba, Machi 2009

Binti yangu Pearl,

Pokea salamu za baba yako, mfalme wa soda na mafuta ya taa hapa bandarini. Mimi ni mzima, na tumbo limenitangulia.

Kitabu chenu cha usalama wa mafuta ya nyuklia kimefika. Jina lako nimewaonyesha mpaka wapakiaji wa mashua! Mmoja wao, Fortunato, akauliza, "Ya Eriya, binti yako anatengeneza bomu?"

"Wapi! Anapima nafasi. Fito za mafuta hayo zikikaa mbalimbali zimetulia; ukizisogeza karibu mno, zinaamshana. Mwanangu ndiye anayesema: hapo basi, usisogeze."

Mimi niliyeishia darasa la sita! Fortunato alininunulia chai.

Sasa, umeuliza kama nitakuja Mukono siku mchumba wako atakapoletwa kwetu, maana mama yako atakuwepo. Mwanangu, unatujua. Kila mmoja peke yake ni mpole. Tukikaa meza moja, hema la sherehe linaungua. Na usiseme utatupoza kwa maji. Ulinieleza mwenyewe kwa simu kwamba maji huzidi kuziamsha fito.

Lakini ulisema pia kwamba kati ya fito huwekwa bamba la kumeza uchokozi. Basi kiti cha shangazi yako Mirembe kiwe katikati yetu. Huyo amemeza maneno yetu miaka yote na hajapasuka.

Nakuja. Kanzu nimeshanunua.

Ni mimi baba yako, niliyekaa mbali kwa ajili ya usalama, si kwa kukosa upendo,

Eriya