Kisu cha Nyumba ya Ziwani

Mjukuu wangu Zubeda,

Salamu zako zimefika. Hapa mtaani Biryogo hatujambo, babu yako bado anagombana na cherehani yake.

Unauliza uweke kisu gani cha kukunja kwenye nyumba yenu ya likizo huko Mwanza. Mwaka 1972, nikiwa bibi harusi, tulitafuta cha nyumba ya mama mkwe kule ziwani Muhazi, tulikokusanyika kila Idi. Muuzaji akanipa kinachong'aa. "Chukua hii, Mama, iko na kila kitu." Kilikuwa hata na kizibuo cha mvinyo! Waislamu sisi, tungezibua nini?

Nikaomba maji na sabuni, nikalowesha mikono kama mtu anayepara samaki, nikajaribu kimoja kimoja. Babu yako akaninong'oneza, "Twende, watu wanacheka." Sikutoka. Nilichukua cha mpini wa mbao, kisicho na urembo, kilichofunguka bila kuteleza.

Siku ya Idi mama mkwe, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, alikifungua mwenyewe, akamenya chungwa lake bila kumwita mtu. Alilila polepole, akitutazama.

Vidole vyangu sasa vimekuwa kama vyake. Idi hii nakuja kwenu, na sitaki kumenyewa chungwa.

Bibi yako,
Mwajuma