Nimekandika Nyumba Katika Nchi ya Watu

Mpendwa Bibi Mshauri,

Nakuomba unisikilize hadi mwisho ndipo unikemee. Mimi ni msichana wa Taita, nchi ya Kenya, nimesoma mpaka nikahitimu ualimu, na huu ni mwaka wa pili nazunguka Tanganyika na baba yangu mdogo, Simioni, pamoja na mkewe, tukiuza vitabu vya dini kijiji kwa kijiji, kila mmoja na mfuko wake wa turubai mgongoni. Nilikubali safari hii si kwa ajili ya vitabu, Mungu anisamehe, bali kwa hamu ya kuona nchi ya watu wengine, na sasa nimeiona mpaka sijui kama naipenda au naichukia, maana asubuhi naipenda na jioni naichukia, na watu ni wale wale.

Kule Mugumu mwanamke nisiyemjua aliniona nimebeba mfuko kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, kama tubebavyo kwetu, akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe dada, ni punda wa nani?" Nikakasirika, kumbe huku anacheka ananivua mfuko, akajitwika kichwani, akatusindikiza mpaka tulikolala wala hakungoja asante. Wiki ile ile nikasikia wazee wakimjadili binti mdogo kuliko wanafunzi wangu, ng'ombe wa mahari yake watatoka wapi, naye amekaa pale pale anapepeta ulezi, nikatamani kurudi Taita kwa miguu.

Tulipofika Nyangoto homa ikanishika, na baba mdogo akaniacha kwa mjane mmoja ambaye nitamwita Bibi Robi, mwenye ng'ombe wengi na asiye na mtoto hata mmoja. Alininywesha uji wa ulezi na maziwa mgando, na kila asubuhi nikimwambia shikamoo aliitikia marahaba kisha akanitazama kama mtu anayetazama wingu la mvua. Nilipopona nikaona anajengewa nyumba mpya ndani ya boma lake, miti na fito tayari, udongo bado. Kwetu mgeni aliyelishwa hulipa kwa mikono yake, basi nikakunja nguo, nikakanyaga udongo, nikakandika kuta zote, nikazisiriba kwa kinyesi cha ng'ombe na kuzichora maua kwa vidole, na sijafurahi hivyo tangu nitoke nyumbani. Bibi Robi akaja na majirani, akaniuliza, "Nyumba hii yakupendeza?" Nikasema, "Sana, bibi." Wanawake wakazidi kukusanyika, na jirani mmoja, Mama Nashoni, akaita, "Mke wa Robi, usisahau huku nyuma!" nami nikajibu, "Nakuja, mama, subira!" wakapiga vigelegele, nikadhani ni utani wa kazi.

Haukuwa utani. Huku mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume aweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, wenyewe wanaita nyumba ntobhu, kisha huchaguliwa mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule bibi. Na hapa kijijini anayekandika nyumba mpya ya namna hiyo ndiye atakayelala ndani. Mwanamume amekwisha tajwa, anaitwa Werema, mtu mpole, hunisalimu huku akitazama miguu yake.

Baba mdogo alipita, akasikia, akafura. "Nikirudi kutoka Sirari mfuko wako uwe umefungwa. Tutatoka kabla majirani hawajaamka. Hakuna kuaga." Nami, Bibi Mshauri, mkono unakataa kuufunga, kwa sababu ile ni nyumba ya kwanza maishani ambayo ningeweza kuiita yangu, bila mume wa kunifokea mlangoni, na nina hamu kubwa ya kujua maisha hayo yakoje, kisha namkumbuka Werema na tumbo langu mwenyewe, naogopa. Je, nitoroke, au nibaki? Na nitajuaje kama naipenda nchi hii au nampenda bibi mmoja tu?

Mpita Njia,
Nyangoto, Tarime


Mpita Njia, binti yangu,

Pole kwa homa, na pole zaidi kwa udongo. Mimi nimezaliwa Ikoma, nimezeekea Musoma, na nakiri nilicheka kabla sijakuhurumia.

Mwaka mzima na zaidi umetembea ukiitazama nchi hii, leo wapenda, kesho wachukia, kama mtu anayechagua khanga dukani. Sasa nchi imekutazama wewe, ikakutaka, ndiyo maana umeshtuka. Acha kwanza swali la nchi. Hukuulizwa habari za Tanganyika, umeulizwa habari za tumbo lako, na hilo umekwisha lijibu kwa neno moja: naogopa. Nyumba unaitaka, lakini nyumba ile haitolewi bila watoto. Usiingie kwenye uzazi kwa hamu ya kujua. Hamu hupita, mtoto hapiti.

Hata hivyo Bibi Robi hakukulaghai. Alikuuliza mchana, mbele ya watu, kwa desturi ya kwao, nawe ukajibu kwa mikono miwili. Wewe mwalimu, uliyekaa chini ya paa lake, hukuuliza hata mara moja nyumba ile ni ya nani? Ukitoroka alfajiri, majirani watamcheka mjane mpaka siku ya kufa kwake: mke wake alikimbia na ukuta haujakauka. Baba yako mdogo anauza Neno la Mungu, basi asikufundishe kunyata.

Fanya hivi. Baba mdogo akirudi, nendeni wote watatu, wewe, yeye na mkewe, kwa Bibi Robi, na Mama Nashoni aitwe, maana mdomo uliotangaza ndoa ndio utakaotangaza kwamba haipo. Mwamkie. Mwambie waziwazi: "Bibi, nilikandika kwa shukrani, sikujua ninasema nini. Mimi si mke wa nyumba hii." Akikutukana, nyamaza. Akilia, usimwahidi kitu. Usimhubirie, wala usimkebehi Werema. Kisha waombe wanawake wa pale waifute ile michoro yako na kuzikandika kuta upya, nawe uwachotee maji, uwakanyagie udongo, usiguse ukuta. Kila apitaye ataona nani ni mwenyeji na nani ni msaidizi, na nyumba itamngoja yule anayeitaka kweli.

Utaumia kuona maua yako yakifutwa. Vizuri. Maumivu hayo yatakujibu lile swali lako la nchi vema kuliko mimi.

Na mfuko uuvae mchana, kwa ukanda wenu ule ule, mbele ya macho ya Bibi Robi. Akicheka, mwache akutwalie mfuko, akusindikize mpaka njiani.