Zamu ya Mama Yustina

Usoke, Jumapili. Mvua ya alfajiri imekatika, jua limetoka kali, na mimi siwezi kukaa mahali pamoja.

Nimekuja kumsaidia mama kuvuna tumbaku. Vidole vimejaa gundi ya majani, hata simu naigusa kwa kifundo cha kidole. Humo kwenye simu kuna kitabu kuhusu ukomunisti ninachokisoma tangu mwezi uliopita, na kinanikosesha raha. Eti itafika siku mtu atoe anachoweza na apate anachohitaji, bila bosi juu yake. Dukani ninakofanya kazi, Cheyo mjini, nikipima misumari, huwaza: siku hiyo ningefanya kazi gani? Na choo angesafisha nani?

Jana nilidhani nimeiona siku yenyewe. Majirani walikuja shambani kwa mama kama desturi: leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika. Watu wamejifunga viroba kiunoni gundi isiharibu nguo, wanachuma, wanataniana, hakuna msimamizi. Nilisisimka kweli.

"Mama, unaona? Huu ndio ukomunisti!"

Mama hakuinua hata kichwa.

"Na Mama Yustina je?"

Mama Yustina ni jirani yetu, mjane. Aliumia kiuno akibeba kuni za kukaushia tumbaku, hivyo msimu huu hajaenda shambani kwa mtu yeyote. Kwa hiyo hakuna aliyekwenda kwake. Si kwamba wanamchukia. Hana zamu, basi.

Leo nikitoka kanisani nimepita kwake. Majani yameiva kupita kiasi, mengine yameanza kuungua pembeni. Yeye amekaa mlangoni, mguu kaunyoosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu mmemaliza?"

Nikajibu tumemaliza. Niliona aibu mpaka nikaharakisha hatua.

Nimewakasirikia majirani njia nzima. Halafu nikakumbuka kwamba kesho asubuhi natakiwa dukani, na bosi alishasema nikikosa tena nisirudi. Yaani na mimi nilikuwa naondoka zangu, kitabu mkononi.

Nimemwandikia bosi ukweli: kesho siji, namsaidia jirani kuvuna. Ameusoma ujumbe. Ile kazi naihitaji, siyo utani.

Mama nilipomwambia amefoka. "Ufukuzwe kazi kwa shamba la mtu? Na yule atakulipa nini, kutembea kwenyewe hawezi?" Kwa mikono miwili nitachuma mistari mingapi? Na nikifukuzwa, nani atakuja kwangu?

Mama ameingia jikoni, akatoka na beseni. Nimemwacha, nikakaa kuandika haya.

Sasa hivi nimekwenda kuanua nguo. Kwenye kamba kuna viroba vimefuliwa, bado vinachuruzika maji.

Viwili: changu na cha mama.