Kumwachisha Amani Ziwa kwa Methali za Kichina

Jumapili, 16 Julai 2017. Baridi kavu ya huku kusini. Nguo nilizoanika jana zimekakamaa kama mbao, na mimi nimelala masaa matatu tu.

Wiki hii yote nimepigana na mtu wa miaka miwili, na ninaandika nikiwa nimeshindwa. Au nimeshinda. Sijui bado.

Kesho naanza kazi ya kusuka kwenye saluni moja kule Randburg, asubuhi mpaka jioni. Mwanangu Amani atabaki kwa jirani yetu, Mama Sifa. Tatizo ni kwamba Amani bado ananyonya. Maziwa ya kikombe hataki, uji hataki. Asiponyonya anashinda njaa. Na kazi hii nimeitafuta mwaka mzima.

Sasa, jikoni kwangu kuna kalenda. Yule mama wa Kichina ninayenunua rasta kwake aliniongezea bure. Kila mwezi una msemo wa kale wa kwao, na Kiingereza chake chini. Wa Julai unasema tone la maji hutoboa jiwe. Nikasema haya, dawa yangu ndiyo hii. Kidogo kidogo kila siku, bila kukata tamaa.

Jumatatu nikaenda mtaa wa Mayfair, dukani kwa Msomali, nikanunua shubiri. Bibi yangu kule Kigoma aliwaachisha ziwa watoto tisa kwa shubiri. Nikajipaka. Amani akaonja, akakunja uso, akaniangalia kwa huruma. Halafu akaenda chooni, akarudi na tambara la kudekia.

"Dirty, Mama."

Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza cha watoto wa hapa uani.

Akanifuta. Akanyonya.

Jumanne nikazidisha shubiri, kisha nikakanda chapati bila kunawa vizuri. Baba Amani alikula nusu, akaigeuza ile iliyobaki akaitazama chini.

"Mke wangu, kama una neno na mimi si useme tu?"

Amani, asiyekula chochote, alimaliza nzima. Nadhani aliisikia ladha ya mama.

Jumatano nikafunua kalenda mbele, natafuta nguvu. Agosti kuna bibi anayesugua mchi wa chuma mpaka uwe sindano. Septemba kuna mzee aliyeamua kuuhamisha mlima ulioziba njia ya nyumba yake, akasema akifa wanawe wataendelea, kisha wajukuu. Hapo nikaogopa. Nilimwona Amani na ndevu zake ananifuata saluni.

Ndipo nikalijua kosa langu. Wale wazee wa Kichina walisema kweli, ila mimi nilijiona ndiye maji. Mtoto huyu hulia polepole, hana haraka, hapumziki, tone baada ya tone, mpaka nifungue kifungo. Mimi ndiye jiwe.

Alhamisi nilitobolewa. Ijumaa na jana pia.

Leo baada ya ibada nikamweleza Mama Sifa. Yeye ni mtu wa Bukavu. Alicheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Mama Amani, unaachisha mutoto na weye uko pale pale? Anasikia harufu yako. Leta huyu mutoto, weye uende."

Nikampa. Mchana kutwa nilikaa chumbani na majani ya kabichi kifuani kupunguza uvimbe, matiti yamejaa yanauma, sikio ukutani nisikie kama analia. Hakulia. Nilisikia anacheka.

Jioni akarudishwa ameshiba ugali wao wa fufu na mchicha wanaouita lengalenga, mashavu yanang'aa mafuta. Na hapa lazima nikiri. Hakuomba. Ni mimi. Nilifungua vifungo vya sweta mwenyewe, nikamwita aje kidogo tu, mara ya mwisho, mama yake aagane naye vizuri.

Akaja. Akatazama. Akazishika pande mbili za sweta, akanifunika.

"Cold, Mama."

Akaenda zake kutafuta gari lake la kopo.

Nimekaa hapa nalia na kucheka kwa pamoja, na Baba Amani ananichungulia mlangoni hajui aingie au akimbie. Kesho saa kumi na moja naamka, kazi iko pale pale. Amani ameacha ziwa.

Mimi je, nani ataniachisha?